Muvi ya shetani na matakwa saba: tumeiangalia Kirumba na kina mama wa dagaa, njooni tuujadili ule mkataba

Fundi_Flashi ameandika:

Wakuu habari zenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu hatutagombana.

Mimi nina kibanda Kirumba hapa Mwanza, jirani kabisa na mwaloni pale mitumbwi inaposhushia samaki, natengeneza simu na kuwawekea watu muvi kwenye flashi, moja jero, tatu buku. Sasa wiki iliyopita ilikuwa mbalamwezi. Kwa mlio Dar ambao dagaa mnawajua wakiwa kwenye mfuko tu, dagaa wa huku wanavuliwa usiku kwa taa, wanaifuata taa ndo wanazungushiwa wavu, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa taa yako ni sawa na kuwasha kibiriti saa sita mchana, mitumbwi inapandishwa, wavuvi wanalala, na mwalo mzima unakuwa kama shule imefungwa. Kipindi hicho ndo mimi napata hela.

Jioni kaja mama mmoja muuza dagaa, mteja wangu wa siku nyingi, yeye na wenzake watatu wa kikundi. Kaniambia "fundi tuwekee ya kuchekesha, za mapenzi hapana, kulia tumelia vya kutosha wiki hii." Nikawawekea Bedazzled ile ya mwaka 2000 ya Brendan Fraser. Kopi niliyonayo ni ya kizungu kitupu, wakasema tafsiri wewe si ulisoma, basi nikavuta stuli mbele ya skrini nikawa dijei saa moja na nusu nzima mpaka koo likakauka.

Ambao hamjaiona: steringi anaitwa Elliot, yuko San Francisco, kazi yake kupokea simu za wateja wa kampuni ya kompyuta. Sio mtu mbaya ila anaboa, wenzake wakimuona anakuja wanatafuta pa kujificha. Anampenda dada mmoja wa hapo hapo kazini, Alison, dada mwenyewe hata hana habari naye. Jamaa akajisemea angetoa chochote ampate. Kumbe kuna mtu anasikiliza. Shetani katokea, na shetani ni Elizabeth Hurley kavaa nyekundu, kina mama wakaguna kwa pamoja, mmoja akasema "huyo hata mume wangu angesaini bila kuuliza." Dili ni matakwa saba kwa roho moja.

Jamaa akataka kwanza ushahidi, akaomba Big Mac na Coke kubwa. Hapo mimi nilitegemea moshi na radi. Wapi. Shetani kampandisha basi kama abiria wengine, wakaenda mpaka McDonald's, akaagiza, halafu akamgeukia jamaa: lipa. Mama akapiga kofi meza yangu mpaka bisibisi zikaruka. "HIYO NDO HELA YA FOMU!"

Walicheka hao. Na mimi nikacheka ila kuna mahali kiliniuma. Mwaka jana nilichukua mkopo wa kausha damu ninunue printa, nani alinikopesha sitaji. Kwenye karatasi laki tano, mkononi nikapewa laki nne na nusu, hamsini ikabaki kwao, "fomu na bima", halafu riba inahesabiwa kwenye laki tano nzima, rejesho kila Ijumaa. Kurasa sita nilisaini nimesimama, yule kijana kanishika kidole gumba anakipaka wino huku anaongea na simu. Hata Big Mac sikula.

Sasa point yangu ni hii. Yule shetani hampi jamaa kitu kingine tofauti na alichoomba. Kaomba awe tajiri, mwenye nguvu, Alison awe mke wake: kaamka Colombia, jumba, mali, Alison mkewe kweli, ila yeye ni muuza unga na mke hataki hata kumuona. Kaomba awe mtu mwenye hisia: akawa analia kila akitazama jua linazama, dada kachoka kaondoka na mabaunsa wa ufukweni. Kaomba awe staa wa basketi: akawa jitu refu la kutisha, ila kichwani hamna kitu na kuna sehemu nyingine nayo ilipunjwa ambayo kuitafsiri mbele ya kina mama nilishindwa, nikasema "ana kiatu kidogo", wakaelewa vizuri kuliko ningesema ukweli. Kaomba awe rais wa Marekani: akajikuta Abraham Lincoln, tena ile jioni yenyewe aliyopigwa risasi, tarehe 14 Aprili 1865, kashakaa kwenye kiti chake ukumbi wa Ford's anaangalia maigizo.

Na akikwama kuna peja alipewa, anabonyeza 666 anatoka. Mama akanisimamisha hapo, "subiri fundi, huyu shetani ana kitufe cha kutokea?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kidogo. "Basi ana utu."

Walibishana mpaka saa nne. Mmoja anasema jamaa ni mjinga, angesoma mkataba. Mwingine akamjibu, shida ikiwa imekaa mlangoni unausoma kwa macho gani. Na nyie mnasemaje?

---

Nyanza_Machachari:
nimecheka "kiatu kidogo" nipo kwenye daladala ya Buhongwa watu wananiangalia. mkuu we ni dijei umejificha kwa mafundi simu

---

Mtumishi_Igoma:
Fundi nakuheshimu lakini haya mambo sio ya kuchekea. Adui anaanza na kichekesho, ukishamzoea unamkaribisha sebuleni. Someni Mathayo 4, alimpandisha Bwana mlimani akamwonyesha milki zote za dunia akasema hizi zote nitakupa ukinisujudia. Huo ulikuwa mkataba pia. Majibu mnayajua.

---

Fundi_Flashi:
Mtumishi nimekusoma. Nilimsomea Mama komenti yako leo asubuhi, kasema na yeye hiyo sura anaijua, tena alichokionaga pale ni kwamba shetani alikuwa anauza shamba la mtu. Kasema madalali wa viwanja wa hapa mjini walimuiga yeye.

---

Mtumishi_Igoma:
Huyo mama aje ibada ya Jumapili atoe ushuhuda 😂 Ila msimamo wangu uko pale pale.

---

Chalii_wa_Machimbo:
Bhana mimi niko Geita kwenye machimbo, hii muvi kwetu ingekuwa ya dakika kumi. Usukumani tuna NDAGU. Kwa asiyejua, inasemwa mtu anaenda kwa mganga anataka mali, mganga anamwambia mali ipo ila masharti haya hapa. Kuna wa kuambiwa asilale kitandani maisha yake yote, mwingine asioge, mwingine asihame kibanda cha udongo hata akiwa na malori kumi, mwingine wanasema anatakiwa kutoa mtu wa kwao ndo linakuwa balaa. Ukimuona tajiri anavaa shati moja miaka mitatu watu wanaanza kunong'ona, kumbe mwenzenu ni bahili tu.

Point ni kwamba bhana sharti unaambiwa MWANZO. Hamna maandishi madogo. Huyu wa kizungu anakupa kwanza ndo unakuja kugundua. Ukinilazimisha kuchagua bora wa kwetu.

---

Dada_wa_Saanane:
@Chalii_wa_Machimbo "bora wa kwetu", kwa hiyo unatangaza biashara? Hizo habari za ndagu zimeshaua wazee wetu wangapi huku kanda ya ziwa, bibi ana macho mekundu kwa moshi wa kuni anaitwa mchawi. Chekeni ila kwa akili.

---

Chalii_wa_Machimbo:
Dada hapo umenishika, nafuta kauli ya bora. Nilikuwa naongelea mkataba tu sio kusifia.

---

Mwl_Mstaafu:
Vijana, ruhusuni mzee achangie. Hadithi hii ni ya zamani kuliko sinema. Mwaka 1587 huko Frankfurt kilichapishwa kitabu cha Daktari Faust, msomi wa Kijerumani aliyeuza roho yake apate elimu na anasa, muda wa mkataba miaka 24. Kisha Mwingereza Christopher Marlowe akaitungia tamthilia. Kuna mahali Faustus anajikata mkono ili asaini kwa damu yake, na damu inaganda, inakataa kutoka. Mwili wenyewe unamkanya, lakini mjumbe wa shetani anakwenda kuleta moto wa kuiyeyusha, na jamaa anamalizia kusaini. Mwisho wake alichukuliwa.

Goethe yeye aliandika kwa sehemu mbili, ya kwanza ikatoka 1808, ya pili 1832 baada ya kifo chake, na humo Faust anaokolewa. Filamu ya Fundi imefuata njia ya Goethe kuliko ya Marlowe, ingawa kwa mzaha.

---

Nyanza_Machachari:
mwalimu subiri, damu imeganda, imekauka, jamaa bado anasaini tu???? si ndo KAUSHA DAMU yenyewe hiyo, kumbe jina wametoa huko

---

Mwl_Mstaafu:
Sikuwahi kulifikiria hivyo miaka yote niliyofundisha. Nimecheka peke yangu barazani, mke wangu ananiuliza kuna nini.

---

Kanda_Mbili:
Wote mnaongelea rimeki. Ya kwanza ni ya 1967, ya Uingereza, kaongoza Stanley Donen, Peter Cook ndo shetani na ndo kaandika, Dudley Moore ndo steringi na muziki katunga yeye. Steringi ni mpishi wa mgahawa wa Wimpy London. Mambo ya Big Mac ya kwenu kule ilikuwa aiskrimu ya kijiti, na vile vile hela ilitoka mfukoni kwake mwenyewe.

Ninachoipendea ile shetani wake ni mtumishi wa umma kabisa. Kutwa nzima anafanya vikero vidogo vidogo, anakwaruza sahani za santuri, anachana ukurasa wa mwisho wa riwaya za upelelezi mtu asijue muuaji nani. Hana makuu, ana tageti ya roho tu ya kufikisha. Na mwisho, roho zikitimia anamrudishia jamaa ya kwake, anaenda kuomba arudishwe mbinguni na kule anakataliwa. Hurley ni mzuri wa macho, ila yule wa 1967 anakufanya umwonee huruma halafu ndo unashtuka unamwonea huruma nani.

Na steringi wa kule kuna mahali aliomba upendo safi na yule dada, wakae mahali pa utulivu, akasahau kusema yeye abaki mwanaume. Akawa mtawa, tena wa shirika ambalo masista wanaruka trampolini. Sikutanii.

---

Fundi_Flashi:
Kanda Mbili unayo hiyo?? Nitumie, mbalamwezi ijayo nina wateja tayari.

---

Shetani_wa_Zamu:
Nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu tu. Ofisi iko wazi. Ombeni.

---

Nyanza_Machachari:
naomba nyumba Capri Point, ziwa liko mbele, upepo, mawe, geti la rimoti

Shetani_wa_Zamu:
Umepewa. Rimoti unaishika wewe. Zamu ni saa kumi na mbili jioni mpaka kumi na mbili asubuhi, na koti la mvua utajinunulia.

---

Chalii_wa_Machimbo:
Pamba Jiji wabebe ubingwa wa ligi kuu, kombe wakabidhiwe CCM Kirumba nikiwa hai.

Shetani_wa_Zamu:
Umepewa. Siku hiyo uko hai, uko shimoni mita sitini, na kamba ya kukutolea ameshika mtu aliyekwenda uwanjani.

---

Mvuvi_Bezi:
Mimi navua sangara Ukerewe naomba nyavu zijae siku moja tu mpaka mtumbwi ulalie upande

Shetani_wa_Zamu:
Zimejaa. Wote chini ya sentimita 50, na doria wanakusubiri ufukweni wamekaa kwenye kivuli na rula.

Mvuvi_Bezi:
wewe umewahi kuvua, mtu wa kawaida hawezi kujua hii 😭

---

Dada_wa_Saanane:
Naomba mwanaume anayesikiliza.

Shetani_wa_Zamu:
Umepewa. Anasikiliza kila kitu. Halafu anamhadithia mama yake.

---

Mtumishi_Igoma:
Mimi sitaki kuomba kwako. Ila kwa swali tu la kinadharia, mtu akiomba usikilizaji kanisani, spika zifanye kazi bila kukoroma?

Shetani_wa_Zamu:
Mtumishi karibu sana, nilikuwa nakusubiri. Umepewa. Spika ni nzuri mno, zinasikika mpaka kwenye baa ya jirani, na ya baa inasikika kwako.

Mtumishi_Igoma:
Hiyo mbona tayari ipo.

---

Dada_wa_Saanane:
Turudi kwenye muvi jamani. Nimeiangalia jana kwa sababu ya uzi huu, na kuna kitu wanaume wote humu mmekiruka. Matakwa yote yale jamaa anaomba kuhusu Alison, na hakuna hata moja alilomuuliza Alison. Anaagizwa tu kama soda, mara awe mke, mara ampende, mara ashangilie. Halafu mnashangaa kila dunia anayotengenezewa dada anaishia kumkimbia. Mimi sikuona ujanja wa shetani pale, niliona dada wa watu amechoka kuhamishwa hamishwa kama fenicha.

Na ndo maana mwisho wake niliupenda nusu. Jamaa kabakiwa na ombi moja, maana shetani kamwambia ile Big Mac ilihesabiwa. Kwanza kagoma kabisa kuomba, mwisho akaomba Alison awe na maisha mazuri, basi, bila yeye kuwemo. Kumbe kuna kipengele kwamba ukiomba kitu kisicho na faida kwako mkataba unavunjika. Akarudi kwenye maisha yake, akaenda kwa miguu yake kumuuliza Alison, akaambiwa nina mtu, akakubali akaondoka. Pale nilimpigia makofi. Halafu wakaharibu, jirani mpya akahamia anaitwa Nicole, anafanana na Alison kila kitu, maana kaigiza mtu yule yule Frances O'Connor. Yaani kazawadiwa kopi.

---

Kanda_Mbili:
Dada umemaliza. Ya 1967 haina huyo Nicole. Mle jamaa anarudi kukaanga, anamwalika dada chakula, dada anasema leo nina shughuli labda siku nyingine. Basi.

---

Mwl_Mstaafu:
Kipengele hicho cha kuomba kwa ajili ya mwingine ndicho kinachoifanya ichekeshe mtu akimaliza kucheka. Sheria ya kutokea ilikuwemo kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, hakuna aliyeifunga. Ila kuifikia inabidi uache kutaka kile kilichokuleta kusaini.

---

Mvuvi_Bezi:
mwalimu mimi wangu hauna hicho kipengele nimesoma mara mbili. una kipengele cha kuchukua injini

---

Fundi_Flashi:
Marejesho jamani marejesho, nimechelewa kurudi, giza limeanza tangu juzi, dagaa wapo, watu wanakimbizana mwaloni na mimi nimekosa wateja.

Ila nina ya kuwaambia. Mama na wale wenzake wana mkopo wa kikundi, afisa anakujaga na pikipiki kukusanya, na mbalamwezi ikiwa kali hata kama mtumbwi haujagusa maji rejesho liko pale pale, kalenda yake haina mwezi. Basi jana nimeenda kununua dagaa wa mboga, nimemkuta Mama amepiga magoti anawatandaza kwenye nyavu, anatoa konokono mmoja mmoja anatupa pembeni, tunaongea vizuri tu. Mara kutoka kule juu njiani mtoto kapiga kelele: "SITA SITA SITA!"

Mkuu, nimewahi kuona samaki wanatawanyika. Sekunde tano mwalo ule hauna mama hata mmoja. Khanga moja imebaki chini, ndoo inazunguka peke yake, dagaa wako juani, mimi nimesimama katikati na kisado mkononi kama mjinga. Pikipiki ikafika. Kijana kazima, kaangalia kushoto, kulia, kaniuliza wako wapi, nikamwambia mimi mpita njia.

Leo asubuhi kaja kibandani kwangu. Nilijua nimekwisha. Kavua helmeti, kakaa, kaniambia kila mwalo anaopita sasa hivi anasikia watoto wanapiga kelele sita sita sita, kauliza mtu mmoja kaambiwa ni muvi inapatikana kwa fundi wa Kirumba, na yeye anaitaka.

Nimemwekea. Yeye nimemchaji buku.

---

Nyanza_Machachari:
buku?? si jero moja mkuu

---

Fundi_Flashi:
Jero nyingine ni ya fomu.